“Bahari naijua,” amesema mama, nasi safari ni Agosti

Shikamoo mama,

Naandika usiku, watoto wamelala na mama yangu mzazi kalala nao chumba kimoja. Mimi ni mwenyeji wa Pangani, mkoa wa Tanga, na huu ni mwaka wangu wa 12 hapa Munich, Ujerumani. Nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Mume wangu ni Mjerumani, alisilimu kabla ya ndoa yetu, na Mungu ametujaalia watoto wawili, wa miaka tisa na sita.

Mume wangu alipokuwa mdogo, wazazi wake walikuwa wakimpeleka kila kiangazi Rovinj, mji mdogo wa Kroatia ulio kando ya Bahari ya Adriatiki. Huko ndiko baba yake alikomfundisha kuogelea. Mkwe wangu huyo alifariki mwaka juzi, na tangu hapo mume wangu ana neno moja tu: watoto waione Rovinj. Januari tukapanga nyumba ndani ya mji wa kale, ghorofa ya tatu, vyumba viwili vya kulala, siku 12 kuanzia tarehe 9 Agosti, kwa euro 1,680. Tumekwisha kulipa malipo ya awali, na mwisho wa kughairi na kurudishiwa fedha ni tarehe 10 Julai.

Wakati ule mama hakuwa kwenye hesabu. Tulimwombea viza mwaka jana akanyimwa, tukaomba tena bila matumaini, na Aprili ikatoka. Amefika tarehe 8 Juni. Viza yake ni ya siku 90, kuingia mara moja. Kwa hiyo Agosti yote yuko nasi.

Siku nilipomweleza habari za safari, mama alikuwa jikoni, sinia mapajani, anachagua mchele. Mchele wa huku hauna kijiwe wala chenga, lakini yeye huuchagua tu. Nikamwambia tunakwenda baharini, naye twende pamoja. Hakuinua kichwa. Akasema, “Bahari naijua, mwanangu. Nendeni nyie.” Akaendelea na mchele wake.

Nilipomfikishia mume wangu, akajibu, “Amesema hataki. Mbona tumlazimishe?” Mama, nilikasirika mpaka nikatetemeka. Nikamwambia hajui maana ya mzazi. Leo siku ya nne hatuzungumzi ila mambo ya watoto na takataka.

Nikifikiri kumwacha, moyo unakataa. Kijerumani hajui, lifti anaiogopa. Nina rafiki wa Mombasa anayeishi Augsburg, yuko tayari kukaa naye siku zote hizo, lakini mama hajavuka bara zima kuja kukaa kwa watu. Nikifikiri kumchukua, nyumba ni ya watu wanne, na magoti yake ni mabovu. Nilifikiria hata kumwingiza kimya kimya, alale na watoto. Halafu mwenzangu kazini kaniambia pwani ile inajulikana kwa watu wanaooga uchi kabisa. Mama ni mtu wa swala tano. Na niseme kweli: tangu aje, kila nikitoka najifunga mtandio, jambo ambalo nilikuwa nimeliacha. Likizo zote zilizopita mimi nimeogelea na nguo ya kuogelea kama wanawake wengine.

Rafiki yangu mwingine anasema twende Ulcinj, Montenegro, ni Adriatiki hiyohiyo lakini kuna Waislamu wengi, adhana inasikika, na zamani waliishi watu weusi. Nimeanza kumshawishi mume wangu tubadilishe, hataki hata kusikia.

La mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Nyumba ya mama Pangani imefika kwenye lenta, bado kupauliwa. Mama aliniuliza, “Huko mnalipa kiasi gani?” Nikamwambia mwajiri wa mume wangu ndiye anayelipa. Nimemdanganya mama yangu. Fedha ya siku 12 ni zaidi ya shilingi 4,500,000, bati na mbao zingepatikana. Baba yangu alikuwa mvuvi wa dagaa. Nilikuwa na miaka 11 alipotoka na wenzake usiku mmoja wa kusi na hawakurudi, na mama akanisomesha kwa vitumbua. Deni langu kwake haliishi.

Tughairi? Tumwache? Tumlazimishe? Nisaidie.

Binti wa Pangani, Munich

*

Marahaba mwanangu, na mama yako nifikishie salamu. Mwambie yuko mtu huku anayeijua sinia ya mchele mapajani. Mama zetu huchagua mchele usio na mawe pale mikono inapotafuta kazi ili kichwa kipate kufikiri.

Umeniuliza maswali matatu, nami nikiyasoma mara ya pili naona yote yanazunguka maneno mawili ya mama: “nendeni nyie.” Mumeo ameyasikia kwa namna yake, wewe kwa namna yako, na siku nne za kununiana zimetoka hapo. Kuhusu nyumba, viza na bei nitakueleza ninayoyajua, kwa sababu yana tarehe na hayasubiri. Lakini naomba tuanze na maneno hayo.

Mumeo anapotoka, mtu mzima akisema hataki, kumwuliza tena ni kama kumwambia hajui anachosema. Kwa hiyo aliposema “mbona tumlazimishe,” inawezekana kabisa alikuwa anampa mama yako heshima kubwa kuliko zote anazozijua. Sisi wa pwani tunajua kwamba karibu ya kwanza hujibiwa kwa adabu. Mgeni akiambiwa karibu chakula, husema ameshiba, huku tumbo linaunguruma. Ni karibu ya pili na ya tatu ndizo za kweli. Je, umewahi kumkalisha mumeo ukamweleza hili? Katika barua yako nimeona hasira, na nimeona umemwambia hajui maana ya mzazi. Sijaona mahali ulipomweleza. Na mtu aliyemzika baba yake mwaka juzi, anayetaka kuwapeleka wanawe mahali alipofundishwa kuogelea, sidhani kama maana ya mzazi imempita. Neno lile huenda limemchoma kuliko ulivyodhani.

Lakini na wewe, mwanangu, unakisia. Umechukulia kwamba mama amekataa kwa adabu, kwamba moyoni anataka. Huenda. Huenda pia hataki kweli. Nasema hivi kwa sababu kuna jambo umeliandika mstari mmoja na nusu, katikati ya habari za bati, ukapita mbio. Baba yako alitoka usiku wa kusi hakurudi. Umelitaja kueleza deni lako la ada ya shule. Mimi nimesimama hapo muda mrefu. Mjane wa mvuvi anaambiwa “twende baharini,” anajibu “bahari naijua.” Inaweza kuwa maneno mepesi tu: nimezaliwa ufukweni, mtanionyesha nini? Inaweza kuwa mazito kuliko yote aliyoyasema tangu ashuke kwenye ndege. Uso wake haukuuona, hakuinua kichwa. Mimi nipo mbali zaidi yako, siwezi kukuambia ni lipi. Jiulize mambo madogo unayoyajua wewe peke yako: tangu msiba ule, mama huenda ufukweni? Akivuka kwa kivuko kwenda Bweni, hukaa wapi? Dagaa wakiletwa mlangoni, hununua?

Nakuuliza haya kwa sababu Rovinj naifahamu kidogo. Nilifika mwezi mmoja wa Juni, nikakaa siku tano. Ni mji ambao bahari haikuachi. Mji wa kale ulikuwa kisiwa hadi mwaka 1763 mfereji ulipofukiwa ukaunganishwa na bara. Ndiyo maana nyumba zimebanana na kupanda juu, na upande mmoja kuta zinatumbukia moja kwa moja majini. Ukifungua dirisha unasikia maji chini yako. Kitu kilichonishangaza mimi mtu wa pwani ni kwamba bahari ile haitoki. Nilingojea maji yapwe niokote chaza, nikangoja mpaka nikaona aibu. Kwetu bamvua likija bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, mtu anatembea kwa miguu hadi mwambani; kule tofauti haifiki hata mita moja. Hakuna mchanga wa kutajika, ni mawe na miamba, na ngazi za chuma za kuteremkia majini. Mama yako anaweza kuitazama akasema hii si bahari, ni ziwa la chumvi, akapumua. Au asiseme hivyo.

Maana jioni ni jambo lingine. Wavuvi wa Rovinj wana boti yao ya mbao, ndogo, tako bapa, iitwayo batana. Mji mzima unaipenda, wameifungulia jumba lake la makumbusho, na mwaka 2016 UNESCO iliutambua mradi wao wa kuihifadhi. Nyakati za kiangazi batana kadhaa huzungushwa jioni kuuzunguka mji wa kale, zimewashwa taa. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za mawe nikiziona zinapita moja moja, mwanga wake unatetemeka juu ya maji, na kilichonijia mara moja ni karabai za wavuvi wa dagaa usiku wa giza. Mimi nilifurahi, nililia kidogo kwa kukumbuka kwetu. Mtu aliyewahi kusimama ufukweni alfajiri akizihesabu taa zinazorudi, na moja ikapungua, sijui angezipokea vipi. Huenda ingekuwa faraja. Huenda ikawa kumtonesha kidonda mbele ya wajukuu, usiku, ugenini, ghorofa ya tatu. Usimpeleke bila yeye kujua atakachokiona.

Na angalia jambo hili jingine. Katika nyumba yako kuna watu wawili waliofiwa na ambao huzuni yao iko baharini. Mmoja anakwenda huko kumtafuta baba yake. Mwingine pengine anaikwepa kwa sababu ya mumewe. Na kila wanachoambiana kinapita kinywani mwako, kwa sababu wewe ndiye mkalimani wa nyumba. “Bahari naijua” ilimfikia mumeo kwa Kijerumani chako, ikiwa tayari imebeba hasira yako na hofu yako. Je, mama anajua kwa nini Rovinj na si mahali pengine? Anajua habari za mkwe wako na kuogelea? Hukuandika kama ulimwambia. Umemwambia “tunakwenda baharini,” na kwa mtu wa Pangani hayo ni maneno ya kila siku. Pengine ungemkalisha mumeo na mama yako meza moja, chai ya rangi na maandazi, mumeo aeleze mwenyewe habari za baba yake, nawe utafsiri tu, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza. Najua ni kazi ngumu kwa mtu mwenye jambo lake moyoni.

Sasa ya dunia. La kumwingiza mama kimya kimya lifute kabisa. Kroatia kila mgeni anayelala nyumba ya kupangisha husajiliwa na mwenye nyumba kwa hati yake, na kuna kodi ya mgeni. Mkikamatwa na mtu wa ziada, aibu itamwangukia mama, aitwe yeye ndiye tatizo. Mwandikie mwenye nyumba umwulize waziwazi kama anaruhusu mtu wa tano na kwa nyongeza gani. Wengi huwa na kitanda cha sebuleni. Lakini kabla ya kitanda fikiria ngazi. Nyumba za mji wa kale ngazi zake ni nyembamba na zimesimama wima, na njia za nje ni mawe yaliyosuguliwa na miguu ya karne nyingi mpaka yanang’aa. Yakilowa ni kama umepaka sabuni. Magari hayaingii mle, mizigo mnabeba. Kwa magoti unayoyaeleza, ghorofa ya tatu inaweza kumfanya mama mfungwa wa dirishani siku 12. Nje ya mji wa kale kuna nyumba za chini zenye kibaraza na mahali pa gari, na kutoka huko hadi msitu wa Zlatni Rt ni matembezi ya kivuli, njia bapa kando ya maji. Tatizo ni kwamba Agosti kila kitu kimejaa na bei ziko juu, na mumeo huenda anataka hasa uchochoro ule wa utotoni mwake. Hilo nalo si dogo.

Kuhusu karatasi uko salama zaidi ya unavyodhani, mradi muende Kroatia. Tangu tarehe 1 Januari 2023 Kroatia imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na siku hiyohiyo ikaanza kutumia euro. Kutoka Munich mnapita Austria, kisha Slovenia, kisha Kroatia, zote ni Schengen, kwa hiyo mama hajahesabiwa kuwa ametoka. Hata hivyo abebe pasipoti yake yenyewe, si nakala, maana Slovenia ilirudisha ukaguzi mpakani mwa Kroatia Oktoba 2023, na Wajerumani nao wana ukaguzi wao upande wa Austria. Abebe na karatasi ya bima aliyokatiwa kwa ajili ya viza; bima hiyo inatakiwa ifanye kazi nchi zote za Schengen, kwa hiyo hospitali ya Kroatia imo. Njia ni karibu kilomita 600. Jumamosi za Agosti foleni kabla ya mahandaki ya Tauern na Karawanken inaweza kuzifanya saa saba ziwe kumi na zaidi, na mwenye magoti anahitaji kunyoosha miguu kila baada ya saa mbili. Mkiweza kuondoka siku ya katikati ya wiki, au usiku, mtamwokoa yeye na watoto pia.

Ulcinj ni habari nyingine, na hapa ngoja niseme bila kuzunguka: Montenegro inatumia euro lakini haimo Umoja wa Ulaya wala Schengen. Mwenye viza halali ya Schengen wanamruhusu kuingia, na hapo ndipo mtego ulipo. Viza ya mama ni ya kuingia mara moja. Akivuka kuingia Montenegro ametoka Schengen, na viza imekwisha kazi hata kama siku zimebaki. Mtarudi Munich, yeye atabaki mpakani. Tazama stika iliyo ndani ya pasipoti, penye idadi ya kuingia. Kama imeandikwa 01, mjadala wa Ulcinj kwa mwaka huu umefungwa wenyewe, hakuna haja ya kugombana na mumeo juu yake.

Rafiki yako lakini hakusema uongo. Ulcinj wengi wa wakazi ni Waalbania Waislamu, misikiti iko katikati ya mji, na una ufuko wa mchanga wa kilomita kama 12. Na watu weusi walikuwepo, ila waliletwa na mabaharia wa mji huo kama watumwa, enzi za utawala wa Kituruki uliokwisha 1880. Walioachwa huru walikaa, wakaoa na kuolewa, wengine wakawa mabaharia wenyewe. Mtu wa Pangani, mji ambao nao majahazi ya watumwa yametoka humo, angeyatembelea mawe yale kwa moyo mzito. Ni safari ya kufanya siku moja, mkiwa na viza ya kuingia mara nyingi na muda wa kutosha wa kuzungumza.

Watu wa uchi: ni kweli pwani ya Istria, rasi ambako ndiko iliko Rovinj, ina kambi za namna hiyo tangu zamani, ya Koversada karibu na Vrsar ilifunguliwa 1961. Lakini wana maeneo yao yenye alama, humwendei mtu kwa bahati mbaya. Fukwe za mji watu wamevaa, ingawa utamwona mwanamke mmojammoja kaacha kifua wazi. Nikuulize kwa upole: mama yako amekaa Pangani miaka yote hii na Ushongo hapo jirani imejaa mahoteli ya watalii. Bikini hajawahi kuiona? Nadhani yule unayeogopa asimwone ni wewe. Mtandio ni wako na Mola wako, siingii humo, ila utakumbuka kwamba likizo ya kujificha siku 12 ndani ya nyumba ya vyumba viwili itakuchosha kuliko kazi. Zipo nguo za kuogelea za kufunika mwili wote. Yapo pia mazungumzo ya mama na binti, ambayo huenda mama ameshayaanza kichwani mwake siku nyingi. Wazazi huona mtandio mpya unavyofungwa na mkono uliosahau. Huna lazima ya kuyamaliza yote kiangazi hiki.

Nimefika kwenye bati. Ulichomwambia mama kuhusu mwajiri sitakupigia kelele, naona kilivyokutoka: uliona aibu. Lakini angalia kilichofanyika. Kwa vile mama anadhani safari ni ya bure, hawezi kukusaidia kuipima. Hawezi kusema “nendeni, bati lingojee,” wala “mwanangu, mwaka huu ningependa kulala chini ya paa langu.” Umemnyang’anya nafasi ya kukubariki na nafasi ya kukuomba. Tena fedha ile si yako peke yako. Ni ya mumeo pia, aliyeiweka akiba kwa ajili ya baba yake. Ukighairi kwa ajili ya paa bila yeye kukubali kwa moyo, bati hilo litakuwa na manung’uniko juu yake. Ukienda na siri ile, kila samaki utakayemla utahesabu mabati. Kumweleza mama bei halisi kuna hatari yake, sikufichi: anaweza kuumia, anaweza kumtazama mkwe wake kwa jicho jingine, na habari inaweza kufika Pangani kwa mashangazi kabla ya kiangazi kwisha. Wewe ndiye unayemjua kama ni mtu wa kuhifadhi. Inawezekana pia mkapanga tangu sasa kiasi cha kila mwezi kwa ajili ya kupaua, mumeo akijua na mama akijua, na safari ikabaki safari. Sijui mfuko wenu unaruhusu nini.

Kumwacha Augsburg, je? Umeniandikia kama vile ni kumtupa. Mwanamke wa Mombasa, Kiswahili kutwa nzima, mapishi ya nazi, mtu wa kuswali naye, stori za pwani: kwa mama atakayekuwa amekaa miezi miwili akisikia Kijerumani tu, huenda hiyo ndiyo likizo. Huenda pia akaona mmemwondoa njiani. Tofauti itategemea nani amelitoa wazo, na kama rafiki yako anamwalika mwenyewe au wewe unampeleka kama mzigo. Ipo pia njia ya kati, mama aende siku chache tu kisha mmoja wenu amrudishe, ingawa kilomita zile ni nyingi na atakayekosa siku zake ni mumeo. Na ipo ya wewe kubaki naye Munich, baba na watoto waende. Mumeo angepata Rovinj yake. Ila ndoa iliyokwisha kununa siku nne nisingeiongezea siku 12 za mbali bila kwanza kuzungumza.

Na kughairi yote. Kama mtafika hapo, jihadhari mama asije kujua kwamba yeye ndiye sababu, maana amekuambia kwa mdomo wake “nendeni.” Mzazi aliyesema nendeni, halafu watoto wasiende kwa ajili yake, hubeba hatia mpaka siku ya kupanda ndege.

Tarehe 10 Julai bado haijafika. Leo usihesabu fedha, na usimwulize mama tena “utakwenda au huendi.” Kaa naye jikoni, chukua upande wa pili wa sinia, mchague mchele huo usio na mawe. Mwulize habari za baba yako, alikuwa akitoka saa ngapi, taa alikuwa akiijaza nani. Akiongea, msikilize. Akinyamaza, endelea kuchagua naye. Kisha usiku mwite mumeo, umweleze kwa lugha yake lile ambalo hujawahi kumweleza, la karibu ya kwanza na ya pili, na umwombe radhi kwa neno lile la mzazi kama moyo wako umeridhia. Hayo mawili yakifanyika, niandikie tena, na unitajie mama alisema nini alipoinua kichwa.